Mpira wa Gesi na Silinda ya Nne

Mke wangu hakuniuliza bei ya plagi. Hakuniuliza kwa nini betri ya gari imekaa juu ya kigoda cha jikoni, wala kwa nini boliti zimepangwa kwenye vikombe vya chai vya wageni. Alichouliza saa nane mchana ya Jumamosi ile, amesimama mbele ya jiko na kiberiti mkononi, kilikuwa kimoja tu:

"Baba Kulwa, huu mpira wa gesi umefupika lini?"

Swali lile lilikuwa na jibu refu, nami nikalijibu kwa kifupi na vibaya. Acha nianze mwanzo.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, lita mbili, turbo, nguvu za farasi 280. Lina bawa kubwa nyuma na tundu juu ya boneti la kuvuta upepo, na halina sababu yoyote ya kuishi Tabata Segerea kwenye njia zenye mashimo. Siku ya kulinunua nilimshawishi mama watoto kwa elimu ya nyota. Nilimwambia Subaru ni jina la Kijapani la kilimia, kile kishada ambacho wazee wetu walikitazama kujua msimu wa kulima, na kwamba nyota sita za kwenye nembo ya gari ndizo hizo hizo. Hapo sikusema uongo hata neno moja. Nilichoacha kumwambia ni kiasi cha petroli zinachokunywa nyota hizo. Akalizunguka mara moja, akalitazama bawa, akasema, "Haya. Kilimia huleta mvua. Hiki chako tutaona kinaleta nini."

Kilileta mwanamke wa Kijapani. Ukiwasha tu, sauti nyororo inatoka kwenye dashibodi kulalamika kwamba kadi haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kule kwao, na tangu gari lishuke melini hapa Dar hakuna aliyejua kukinyamazisha. Pacha wetu, Kulwa na Doto, wana miaka kumi. Wameyakariri maneno yote ya yule mama pamoja na lafudhi, na humjibu kwa adabu kila asubuhi wakienda shule.

Jambo moja niliondoe njiani, maana majirani huniuliza: mbona Subaru yako haingurumi? Ile ngurumo ya kukatakata wanayoipenda vijana hutokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana, moshi wa silinda moja ukafika kabla ya mwenzake. STI za soko la Japani za miaka hiyo zina mabomba yanayolingana urefu, kwa hiyo gari langu linaimba sauti moja tu. Nimeshaeleza hivyo barazani mara nyingi na hakuna aliyeniamini. Wanadhani nimeuziwa feki.

Basi, mwezi wa Aprili, masika yamekolea, kwenye foleni ya Buguruni, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Likienda liko sawa, likisimama linatingishika hadi rozari ya mtu aliyelimiliki kabla yangu inacheza kwenye kioo. Taa ya injini ikawa inapepesa. Taa hiyo ikiwaka tu, unaweza kufika nyumbani ukafikiri. Ikipepesa, ujue kuna petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuunguza kichujio cha kwenye ekzosi, na kichujio hicho ni ghali kuliko mahari ya siku hizi.

Fundi akachomeka mashine yake, ikaandika P0304. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya nne inamisi. "Plagi," akasema. "Tubadilishe zote nne. Plagi utanunua mwenyewe, ufundi laki moja na nusu."

"Laki moja na nusu kufungua plagi nne?"

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa siku ile. "Bosi," akasema, "hii siyo Corolla."

Nikaichukua kama dharau. Nikaondoka na gari langu linatetemeka, nimekwisha kuapa kimoyomoyo. Mimi nimeshafungua plagi za pikipiki nikiwa kidato cha pili. Plagi ni plagi.

Na ni kweli, kwa yenyewe ni kitu kidogo kinachotoshea kiganjani. Chuma chenye uzi upande mmoja, kauri nyeupe upande wa pili, katikati ncha ambayo umeme unairuka na kutoa cheche. Zile za iridiamu za Denso zina ncha yenye unene wa milimita 0.4, nyembamba kuliko risasi ya penseli ya kubonyeza. Ncha hiyo ndiyo inayosimama katikati ya moto. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi inarusha cheche mara hamsini kwa sekunde moja. Hesabu hii nilimfanyia mama watoto usiku kitandani. Akageukia ukutani.

Jumatatu nikaenda Kariakoo. Plagi feki zimejaa, na boksi lake linafanana na la halali kama Kulwa na Doto. Mzee mmoja wa dukani alinionyesha ujanja: ile pete ya kuzibia iliyo chini ya uzi, kwenye plagi halali ya NGK imeshikilia, inazunguka lakini haitoki kwa vidole. Kwenye feki nyingi inachomoka kama pete ya uchumba uliovunjika. Nilijaribu za maduka matatu, kwenye la nne pete ikashika. Namba nayo nikaiangalia, maana plagi zina joto na baridi, na kwa NGK namba ikipanda ndiyo plagi inavyokuwa ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka. Injini ya turbo ukiipa plagi ya joto inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka.

Nikanunua pia soketi ya 16 yenye mpira ndani wa kuidaka plagi, kishikio chake, na vile vyuma vya kuongezea urefu ambavyo mafundi huviita ekstensheni, vitatu. Ukijumlisha vifaa, laki na nusu ya yule fundi nilikuwa nimeshailipa na chenji juu, na boneti bado haijafunguliwa.

Jumamosi ndiyo niliichagua kwa kuwa mke wangu alikuwa anakwenda kusukwa. Kulikuwa na jambo moja tu la pembeni: mama mkwe alikuwa njiani kutoka Tanga, basi lake lingefika kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis saa kumi jioni, na mimi na Kilimia ndio wa kumpokea. Wakati wa kuondoka mke wangu alisimama mlangoni. "Nimeacha nyama imeshachemka, mchele umechaguliwa. Nikirudi nawasha jiko tu, pilau. Baba Kulwa, gari litakuwa limekwisha?"

"Kabla hujamaliza kusukwa upande mmoja."

Saa tatu asubuhi, jua kali baada ya siku tano za mvua, nikafungua boneti. Injini ilikuwa ya baridi tangu jana, kama inavyotakiwa, maana sehemu zinazoshika plagi ni za aluminiamu na ukizifungua zikiwa na moto uzi unaweza kutoka na plagi yake. Doto akashika tochi. Kulwa akashika simu yenye video ya Mmarekani mmoja mwenye gereji kubwa kama kanisa. Pete yangu ya ndoa nikaivua nikaiweka kwenye kikombe cha chai, kwa sababu pete na betri si marafiki.

Hapo ndipo neno la fundi lilipoanza kunieleweka. Kwenye Corolla plagi zimesimama juu ya injini kama vizibo vya chupa. Unainama, unafungua, unakunywa chai. Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili zinatazama kulia, mbili zinatazama kushoto, pistoni zinarushiana ngumi kama mabondia. Gari linatulia barabarani kwa sababu uzito uko chini. Lakini plagi nazo zimelala, zinatazama kuta za gari pande zote mbili, na kati ya kichwa cha injini na chuma cha chesisi pana nafasi ya mkono wa mtoto anayenyonya. Kazi ya kubadilisha plagi moja ni dakika tano. Safari ya kuifikia ndiyo inayokula siku.

Upande wa kulia ulinidanganya. Ukitoa boksi la chujio la hewa unapata uwanja. Nikachomoa konekta ya koili, nikafungua boliti moja, nikavuta koili ikatoka na mkia wake mrefu, nikazamisha soketi. Plagi ya kwanza ikalia krii, ikalegea, ikatoka. Pua yake ilikuwa ya rangi ya biskuti, rangi ya injini yenye afya. Ya tatu vilevile. Mpya zikaingia bila neno. Saa nne unusu nilikuwa nimemaliza nusu ya kazi, nikampigia picha mke wangu huku nimenyanyua spana kama kombe. Akajibu kwa kidole gumba. Nafikiri kile kidole ndicho kilichonipa kijicho.

Upande wa kushoto unaanza na betri. Nikatoa waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye, betri ikaenda kukaa kwenye kigoda. Nyuma ya betri pana tangi la maji ya wipa, nalo lina boliti zake na mipira yake, na nilipolivuta lilinimwagia maji yote ya sabuni ndani ya kandambili. Silinda ya pili, iliyo mbele, nikaipata kwa kupinda mgongo. Ikabaki ya nne, ile ya nyuma, mgonjwa mwenyewe.

Pale huwezi kuingiza soketi ikiwa imeshaungwa na ekstensheni. Inagonga ukuta wa gari. Unatumbukiza soketi peke yake ndani ya tundu, unafuatisha ekstensheni fupi, unaunga nyingine, ndipo unaweka kishikio, kama mtu anayejenga mnara ndani ya chupa. Nikajenga. Nikazungusha. Plagi ikalegea, nikaisikia kwenye vidole ikitoka uzi baada ya uzi, tamu kabisa. Nikavuta.

Ekstensheni ikatoka mkononi mwangu. Soketi ikabaki ndani.

Ule mpira wa soketi niliousifia Kariakoo ulikuwa umeidaka plagi kwa mapenzi ya dhati, na vyote viwili vimekwama kwenye tundu jembamba la kina cha kidole kirefu. Nikarudisha ekstensheni, ikaingia, nikavuta, ikatoka peke yake. Mara ya pili, mara ya kumi. Nikaleta sumaku ya spika ya redio mbovu. Ikang'ang'ania chesisi na ikakataa kuachia. Kulwa akashauri gundi ya viatu. Mmarekani wa kwenye simu alikuwa ameshamaliza zamani na anaendesha gari lake.

Saa saba kasoro, jasho limeniingia machoni, Doto akasema taratibu: "Baba, kama dawati."

"Dawati gani?"

"Dawati likitikisika shuleni tunakunja karatasi tunaweka chini ya mguu. Hiyo chuma inachezacheza ndani ya soketi. Weka karatasi."

Nikamtazama mtoto. Nikachana kipande cha daftari lake la Hisabati, nikakifunika kwenye ncha ya ekstensheni, nikaigongomea ndani ya soketi kwa kiganja. Ikakaza. Nikavuta huku nimeshika pumzi, na soketi ikatoka na plagi yake mdomoni kama paka na panya.

Nikaileta juani. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni ya ufa mstari mweusi, kana kwamba mtu ameuchora kwa penseli. Umeme ulikuwa unatorokea hapo kwenda kwenye chuma badala ya kufika kwenye ncha. Nyumba nzima ilitikiswa na unywele ule.

Kuitoa ndio nusu. Plagi mpya haiingizwi kwa nguvu kwenye aluminiamu. Ikianza upande inakata uzi wake yenyewe, na uzi ukifa kichwa cha injini kinashushwa. Lazima ianze kwa vidole, na vidole vyangu havifiki. Mafundi wana njia yao: unachomeka kipande cha mpira kwenye mkia wa plagi, unaitumbukiza, unazungusha mpira. Plagi ikiwa imenyooka inaingia. Ikiwa imepinda, mpira unateleza kabla uzi haujaumia. Njia nzuri sana. Inahitaji mpira.

Nikazunguka nyumba. Mpira wa kumwagilia maua ni mnene. Mrija wa soda unajikunja. Mpira wa pampu ya baiskeli una pua ya chuma. Kisha nikaingia jikoni kunywa maji na macho yangu yakatua kwenye mtungi wa gesi.

Sikuwa kichaa. Kwanza nilifunga valvu ya mtungi. Pili nilipima: mkia wa plagi na tundu la mpira vimeumbiana. Tatu nilifikiri kama mume: mpira una mita moja hivi, mimi nataka shubiri, jiko na mtungi vinaangaliana tu. Nikakata shubiri moja kwa kisu cha mkate. Mpira uliobaki nikaurudisha kwenye jiko na kuukaza kwa kile kibano chake. Haukufika. Kwa hiyo nikaupandisha mtungi juu ya matofali mawili, na ukafika, umenyooka kama uzi wa kuanikia nguo.

Lakini ile shubiri! Nilizungusha mpira kinyume kwanza, kushoto, polepole, hadi nikasikia plagi imedondoka kidogo, tk, ikiwa imekaa mwanzoni mwa uzi. Kisha kulia, kwa ncha za vidole viwili. Ilikwenda yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, bila ubishi, mpaka mpira ukateleza kuniambia basi. Nikaweka soketi, safari hii maungio yamefungwa selotepu, nikakaza nusu mzunguko kama lilivyoelekeza boksi. Mafuta ya kulainisha uzi sikupaka. NGK wenyewe wanakataza, kwa sababu uzi ukiteleza unakaza kupita kiasi bila kujua. Nilitamani fundi yule angekuwepo. Nilitamani mtu yeyote mzima angekuwepo.

Geti likalia. Mtu mzima akaingia, nywele zimesukwa vizuri mno.

"Umefupika lini?" akarudia.

"Nimeazima kipande kidogo tu."

"Umeazima." Akatazama matofali. Akatazama mtungi juu ya matofali kama sanamu ya shujaa. "Kisha utakirudisha kwa kushona?"

"Unafika, Mama Kulwa. Angalia, unafika kabisa."

"Mimi siwashi kiberiti hapa na watoto wamo ndani." Akaurudisha mtungi chini mwenyewe, akakichukua kikombe kimoja cha chai, akachungulia. Boliti mbili na pete ya ndoa. Akaitoa pete akaiinua kwenye mwanga. "Na hii nayo ilikuwa inazuia spana?"

Doto akatumwa mkaa. Jiko la mkaa likawashwa uani, hatua tatu kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unatoka. Sina ushahidi kwamba upande ule ulichaguliwa.

Saa tisa na nusu nikafunga waya wa mwisho wa betri. Kikombe kimoja kilikuwa bado na boliti moja isiyojulikana kwao; nikaitia mfukoni. Nikawasha. Yule mama wa Kijapani akaulizia kadi yake, pacha wakamjibu kwa pamoja, na gari likatetemeka vibaya kuliko lilivyotetemeka Buguruni. Kifuniko cha sufuria ya pilau kikawa kinacheza.

Nikazima. Kimya kikawa kizito. Mke wangu alipuliza mkaa bila kugeuka.

"Baba," akasema Kulwa, ambaye asubuhi nzima alikuwa ameshika simu na hakuonekana kuangalia kitu, "ulipochomeka zile waya za koili, tatu zilisema tik. Ile ya nyuma haikusema."

Ya nne. Nyuma ya tangi la wipa. Nyuma ya betri.

Nilikuwa nimetumbukia humo hadi kiunoni, betri iko kwenye kigoda kwa mara ya pili, simu ya mke wangu ilipolia saa kumi kasorobo. Basi limewahi. Nikasikia upande mmoja wa mazungumzo. "Shikamoo mama... Ee, mama... Hapana, hajambo, yupo, ila yumo ndani ya gari... Siyo hivyo, mama. Yumo *ndani* ya gari." Wakakubaliana achukue bajaji, apite Malamba Mawili na Kinyerezi.

Konekta ikasema tik saa kumi na moja kasoro, na karibu nilie. Sikuwa nimetoka bado bajaji ilipoingia uani na mama mkwe akashuka na fuko la nazi. Mkwe hasalimiwi hivyo. Mkwe husalimiwa umevaa shati, umesimama mbali kidogo, macho chini. Mimi nilikuwa na macho chini, hilo nalikubali, ila yalikuwa chini ya boneti.

"Shikamoo mama," nikaiambia injini.

"Marahaba mwanangu." Akakaa kimya kidogo. Nilisikia kandambili zake zikisogea. "Na gari ndilo hili lililokuwa linifuate?"

Nikatoka. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, nikampa kifundo cha mkono akakishika kwa vidole viwili kama anayeokota dagaa. Akaangalia betri kigodani, akaangalia jiko la mkaa, akamwangalia binti yake, na wote wawili hawakusema kitu, kile kimya cha mama na mtoto ambacho kina kurasa nyingi.

Pilau lililiwa saa kumi na mbili, la mkaa, lenye ukoko mtamu kuliko wowote jiko la gesi limewahi kutoa. Niliona si busara kulisema hilo. Mawingu yalikuwa yamerudi. Baada ya kunawa nikaenda nje kimyakimya, nikafunga betri, nikawasha. Halikutetemeka. Kwa muda mizunguko ilipanda na kushuka, maana kompyuta ya gari ilikuwa imesahau kila kitu betri ilipotolewa na inajifunza upya, kisha ikatulia. Nikaweka bilauri ya maji juu ya chujio la hewa. Maji yalitulia, yana duara dogo tu katikati. Taa ya injini ikawa imezimika. Ile boliti bado ninayo. Hadi leo hakuna kilichodondoka.

Matone ya kwanza yakaanza. Mama mkwe alikuwa amesimama kibarazani na mtandio kichwani. "Kilimia hiki," akasema, maana mjukuu alikuwa ameshamsimulia yote, "kikizama kwa jua..." Akaniachia mimi nimalizie.

"Huzuka kwa mvua, mama."

"Basi kama kimezuka kitupeleke dukani. Kesho chai haitachemshwa kwa mkaa."

Tukapanda wote. Mama mkwe mbele, mkanda umefungwa, mkoba mapajani. Mke wangu na pacha nyuma kwenye viti vya mashindano. Nikazungusha ufunguo. Sauti nyororo ikatoka kwenye dashibodi.

"Waalaikumu salaam," akaitikia mama mkwe. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Anasemaje?"

"Anaulizia kadi, bibi," akasema Doto. "Anasema hatujaiweka."

"Ya mwaliko?"

Hakuna aliyemjibu. Mvua ilikuwa imepamba moto, wipa zinakwenda, na ndipo nilipokumbuka kwamba tangi la maji yake sikulijaza. Duka la gesi lililo karibu na kituo cha daladala lilikuwa bado wazi. Mke wangu akashusha kioo kidogo, muuzaji akakimbilia dirishani na gazeti kichwani.

"Mpira wa gesi," akamwambia.

"Mita ngapi, dada?"

"Mita moja na nusu." Akafikiri. "Na shubiri moja pembeni. Hiyo ikate mbali mbali, ni ya gari."